Ufa Usiozibwa

Neno sadd kwa Kiarabu ni boma la kuzuia maji, na mzizi wake ni ule ule wa kuziba tundu au pengo. Leo anayeshuka katika kituo cha metro cha Al Sadd, Doha, haoni boma wala maji. Anaona maghorofa ya makazi, maduka, na wakati wa jioni mashabiki wa klabu ya mtaa huo, ambao hujiita wana wa mbwa mwitu. Lakini Mswahili anayeijua maana ya neno hilo ni vigumu asikumbuke methali aliyolelewa nayo: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo imesomeshwa kwa vizazi kana kwamba haina upande wa pili. Ufa ni adui, mwenye kuuziba ni mwenye busara, na mwenye kuuacha ni mzembe. Haikuulizwa sana kama upo ufa ambao kuuziba ndiko kosa lenyewe.

Swali hilo laweza kuonekana la kuchezea maneno mpaka lipewe kitu cha kushika mkononi. Ichukuliwe basi, kwa mfano wa kufikirika, familia yenye asili ya Unguja iliyopitia Maskati kabla ya kutua Doha, na ambayo sasa inakaa katika fleti moja ya Al Sadd. Miongoni mwa vitu walivyohama navyo ni msala wa ngozi ya mbuzi uliokuwa wa bibi mzaa mama. Manyoya yake yamekwisha mahali patatu, pale paji la uso lilipogusa na pale magoti mawili yalipotua, na ukingo wake mmoja umepasuka kiasi cha kiganja. Mjukuu, ambaye hakumjua bibi huyo ila kwa picha, anataka msala utundikwe sebuleni ndani ya kioo. Kwanza, hata hivyo, anataka upelekwe kwa fundi wa kujaza ngozi za wanyama, ili azibe mpasuko na kupandikiza manyoya katika vipara vile vitatu.

“Mama, utakuwa kama mpya,” asema.

“Ukiwa mpya, mwanangu, utakuwa wa nani?” ajibu mama yake.

Fundi akipewa kazi hiyo ataiweza. Huanza kwa kuilainisha ngozi kavu kwa unyevu kidogo kidogo, kwa sababu ngozi iliyokaa miaka mingi hukatika ikikunjwa ghafla. Mpasuko hushonwa kwa upande wa ndani, sindano ikipita katika unene wa ngozi bila kutokeza juu, kisha kitambaa chepesi hubandikwa nyuma ili mvuto usiuachanishe mshono. Tundu la risasi huzibwa vivyo hivyo. Kipara ni kazi nzito zaidi. Kwa ngozi za wanyama wa kuwindwa mara nyingi hutokana na kosa la siku ya kwanza: mnyama amechelewa kuchunwa, au ngozi imechelewa kutiwa chumvi, uozo ukafika kwenye mizizi ya manyoya na yakanyonyoka. Hapo fundi hukata kipande kutoka ngozi ya mnyama mwingine wa aina ile ile, akitafuta urefu, rangi na mlazo unaolingana, akakipachika, kisha akayachana manyoya ya pembeni yafunike mshono.

Sifa kuu ya kazi hiyo, kwa wengi wanaoifanya na wengi wanaoilipia, ni kwamba mtazamaji asijue. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa utulivu. Mdarizi wa kanzu hujivunia tarizi yake, na mchonga milango wa Mji Mkongwe hakuficha patasi yake ilipopita. Fundi wa ngozi hupimwa kwa kiasi alivyojifuta ndani ya kazi yake. Hilo peke yake si uovu, lakini ni mahali ambapo ufundi na udanganyifu hutumia mlango mmoja.

Ili kuona kinachotofautisha viwili hivyo, hapana haja ya kwenda mbali na mtaa huo. Vituo vitatu mashariki ya Al Sadd, kwa mstari wa dhahabu wa metro, ni Souq Waqif, ambako ipo hospitali ya kozi, wale ndege wa kuwindia ambao Waarabu wa Ghuba huwathamini mno. Kozi aliyevunjika unyoya wa ubawa hawezi kuruka sawasawa, na dawa yake ni ya kale. Unyoya uliovunjika hukatwa, na unyoya mwingine, uliodondoshwa na ndege wa aina ile na kuwekwa akiba, hupachikwa katika shina la ule wa kwanza kwa kijiti chembamba na gundi. Lazima uwe wa ubawa ule ule, wa kulia au wa kushoto, na hata nafasi yake katika ubawa ilingane. Kazi ikiwa njema, haionekani. Na hapana mtu anayesema kwamba ndege huyo amedanganya.

Sababu moja ni kwamba unyoya ule umewekwa kwa ajili ya ndege, si kwa ajili ya mtazamaji. Ya pili ni nzito zaidi. Msimu wa kubadili manyoya ukifika, kozi huudondosha unyoya wa kuazima na kuotesha wake mwenyewe. Mwili ulio hai hupokea msaada, ukautumia, kisha ukaurudisha. Ngozi iliyokufa haina msimu. Chochote itakachopewa itabaki nacho, na baada ya miaka 50 hapana jicho litakalotofautisha kilichokuwa cha mnyama na kilichokuwa cha fundi. Kiraka katika ngozi hiyo si msaada tu, ni kauli. Fundi amesema jambo juu ya kiumbe asiyeweza tena kumkanusha.

Katika Afrika ya Mashariki kesi mashuhuri ya kauli za namna hiyo ni ya simba wawili wa Tsavo. Mwaka 1898, reli ya Uganda ilipokuwa inavushwa mto Tsavo, madume hao wasio na manyoya ya shingoni waliwavamia wajenzi kwa miezi mingi, mpaka John Henry Patterson, msimamizi wa daraja, alipowaua mwezi Desemba. Ngozi zao alizifanya mazulia. Zilikanyagwa kwa takriban robo karne, na mwaka 1924 aliziuza pamoja na mafuvu kwa makumbusho ya Field, Chicago, kwa dola 5,000. Mafundi wa huko walizikuta zimekatwa pembeni kama ilivyo desturi ya mazulia, zimekauka na kuchakaa. Waswahili husema ngozi ivute ili maji. Hizi zilikuwa zimekauka zamani, na zisingevutika tena. Simba wanaosimama leo nyuma ya kioo Chicago ni wadogo kuliko walivyokuwa hai, kwa kuwa umbo la ndani lilipaswa kukubali kipimo cha ngozi iliyosalia.

Hapa pana utata ambao hauondolewi kwa kusema tu kwamba fundi awe mwaminifu. Mwaminifu kwa nini? Aliyeifuata ngozi ameonyesha simba mdogo kuliko kweli, na mgeni husimama mbele yake akishangaa ni vipi mnyama wa kimo hicho aliweza kusimamisha kazi ya reli ya dola kubwa. Aliyemfuata simba angelazimika kuunga ngozi ya simba wengine mpaka kimo kitimie, na mgeni angeona ukubwa wa kweli uliotengenezwa kwa vitu visivyo vya kweli. Ukitazama juu juu, njia ya pili ndiyo inayoheshimu historia. Watu waliouawa walimwona simba mkubwa. Kuwaonyesha wajukuu wao simba mdogo ni kama kuwaambia kwamba babu zao walikuwa waoga.

Hoja hiyo ina nguvu, na ingeshinda kama isingekuwa kwa yale yaliyofuata. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza kemikali za manyoya na mifupa ya simba hao. Mfupa hubeba habari ya chakula cha miaka mingi, na unyoya hubeba ya miezi ya mwisho. Kwa kulinganisha viwili hivyo walikadiria kwamba simba hao walikula watu wapatao 35, ingawa kadirio lenyewe lina nafasi pana juu na chini. Patterson, katika maandishi yake ya baadaye, alikuwa ametaja 135. Sasa na ifikiriwe kwamba mahali pale palipotolewa manyoya palikuwa na kiraka cha simba mwingine, kilichoshonwa kwa ustadi na kisichoandikwa popote. Simba aliyekula pundamilia maisha yake yote angetoa ushahidi kwa jina la muuaji, na hesabu ingeharibika bila mtu yeyote kusema uongo kwa kinywa.

Meno yalisema zaidi. Baadhi ya meno ya simba hao yalivunjika wakingali hai, na ndani ya nyufa zake yalisongamana manyoya ya walivyokula. Hapana aliyeona haya kwa ajili ya meno hayo hata akayasafisha na kuyajaza plasta ili yapendeze. Yalikaa hivyo, na uchafu wake, kwa zaidi ya karne. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha yaliyosomwa katika chembe za urithi za manyoya hayo: twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia, na binadamu. (Choroa wa Tsavo ni ndugu wa yule mweupe wa Arabuni anayeonekana katika mikia ya ndege za shirika la Qatar, msafiri wa kutoka Nairobi kwenda Doha hupanda chini ya nembo ya mnyama ambaye simba wale walimjua kwa njia nyingine.) Ushahidi huo wote ulipita katika ufa, na ungekwisha siku ambayo mtu mwenye nia njema angeuziba.

Kuna pengo jingine katika kisa hicho ambalo halikuwa la ngozi. Patterson aliweza kutoa hesabu ya vibarua wa Kihindi waliouawa, 28, lakini juu ya Waafrika aliandika kwamba hapakuwa na kumbukumbu rasmi. Ndiyo kusema ngozi za simba zilipimwa, zikauzwa, zikashonwa na kuwekewa kioo, na majina ya walioliwa hayakuandikwa. Idadi ya 135 yaweza kusomwa kama kiraka juu ya pengo hilo: manyoya ya kuazima, yaliyochanwa vizuri, ili msomaji asione kipara cha daftari. Ina ladha ya heshima kwa wafu, kwa kuwa inawaongeza. Lakini mtu aliyeongezwa katika hesabu bila jina hajarudishiwa chochote, na mahali pake palipokuwa wazi, ambapo palikuwa panadai kujazwa kwa utafiti, pameonekana pameshajaa.

Hata mafundi wenyewe wamepatwa na jambo kama hilo. Wakazi wa Zimmerman, Nairobi, hutaja kila siku jina la Mjerumani aliyekuwa na kiwanda cha kujaza wanyama katika eneo hilo, kabla ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka uliofuata. Waafrika walioshika sindano humo hawakuitiwa mtaa.

Kesi ya chui wa Unguja ni ngumu kuliko ya Tsavo, kwa sababu mnyama mwenyewe hayupo wa kulinganishwa naye. Mwaka 1932 mtaalamu wa London, Pocock, alimtambulisha kuwa nasaba ya peke yake kwa kutazama ngozi chache, akitegemea zaidi madoa yake, ambayo ni madogo na yamekatika zaidi kuliko ya chui wa bara. Visiwani alijulikana kwa habari nyingine: wapo waliosadiki kwamba wachawi humfuga na kumtuma, na baada ya Mapinduzi ya 1964 iliendeshwa kampeni ya kumwangamiza pamoja na uchawi uliohusishwa naye. Tangu miaka ya tisini wengi wamemhesabu kuwa ametoweka, ijapokuwa mwaka 2018 ilitangazwa picha ya kamera ya porini iliyodaiwa kuwa yake. Kilichobaki kwa hakika ni ngozi chache katika makumbusho, na mmoja aliyejazwa katika makumbusho ya Zanzibar, ambaye amepauka sana.

Je, apakwe rangi? Mwanafunzi wa Unguja anayemtazama huona mnyama wa rangi ya vumbi, na huenda akaondoka akidhani kwamba chui wa kisiwa chake alikuwa hivyo. Kumwacha apauke ni kumpa mtoto habari isiyo kweli. Lakini fundi atakayeshika brashi atayatia wapi madoa? Akifuata chui wa bara, atakuwa amefuta jambo lile lile linalomfanya chui huyo astahili kuhifadhiwa. Akifuata ngozi za London, atakuwa ameandika juu ya mwili wa chui mmoja sura ya mwingine. Na akifuata mabaki hafifu ya madoa yaliyomo, pale jicho lake litakaposhindwa mkono wake utaendelea, kwa kuwa mkono haupendi kuacha doa nusu. Makumbusho ya historia ya asili ya New York, yale yenye ukumbi wa wanyama wa Afrika uliopewa jina la Carl Akeley aliyefia katika milima ya Virunga mwaka 1926, yalifanya kazi ya namna hiyo mwaka 2011 na 2012 katika ukumbi wake wa wanyama wa Amerika Kaskazini. Wanyama waliopauka walirudishiwa rangi kwa uangalifu mkubwa ili unyoya wenyewe usidhurike. Lakini wanyama wale wana wenzao walio hai, na anayetilia shaka rangi anaweza kwenda kuwatazama. Kwa chui wa Unguja, rangi itakayotiwa ndiyo itakayokuwa chui.

Fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Waswahili, ina mambo mawili yanayogusa suala hili, na ni ajabu kwamba hayawekwi pamoja mara nyingi. La kwanza ni la dabgha: ngozi ya mzoga ikitengenezwa hadi isioze hutoharika, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Mkono wa fundi, kwa hukumu hiyo, unaweza kweli kubadili hali ya kitu. Kilichokuwa najisi kikawa cha kutumika. La pili ni kisa cha Mtume na muuza nafaka sokoni. Alitia mkono katika lundo akakuta chini pana unyevu. Muuzaji akasema ni mvua iliyonyesha. Akaambiwa kwa nini basi asiuweke juu watu wauone. Hakuambiwa aitupe nafaka wala aikaushe. Kasoro haikuwa kosa lake, ila mahali alipoiweka. Fundi wa ngozi, kwa mizani ya visa hivi viwili, ana ruhusa pana ya kutengeneza na hana ruhusa ya kuficha. Mshono waweza kuwa chini ya manyoya kama habari yake iko juu, imeandikwa katika daftari la makumbusho au hati ya mauzo: kipande hiki ni cha mnyama mwingine, kilipachikwa mwaka fulani.

Pingamizi la haki ni kwamba daftari hupotea na ngozi hubaki. Karatasi ya makumbusho huliwa na mchwa, hati ya nyumbani hutupwa wakati wa kuhama. Kwa hiyo wapo wanaoona ni salama zaidi mshono uonekane kidogo, hata kama kazi itapungukiwa uzuri. Huenda wana haki. Dosari ndogo iliyo juu ya kitu husafiri nacho popote.

Katika utafiti ule wa 2024 lipo jambo lililopita bila kelele. Watafiti walipotambua kwamba miongoni mwa manyoya ya menoni zimo nywele za binadamu, hawakuendelea kuzichambua kwa undani, kwa kuwa huenda wapo wazawa wa marehemu hao wanaoishi katika eneo hilo hadi leo, na ilifaa kwanza jamii hizo zishauriwe. Uwezo wa kuendelea walikuwa nao. Pengo lililokuwa wazi tangu 1898, la majina ya Waafrika na la wengine ambao hawakuhesabiwa, lingeweza kuanza kujazwa kwa chombo cha maabara, na wao waliliacha wazi mpaka wenye haki nalo waulizwe. Uvumilivu huo ni mgumu kuliko kushona.

Ule msala wa Al Sadd, kwa bahati, si wa chui. Ngozi ya chui isingevuka mipaka kirahisi chini ya mkataba wa CITES, ambao wanachama wake walikutana Doha yenyewe Machi 2010 na kuikatalia Tanzania kuuza akiba yake ya pembe za ndovu. Ni wa mbuzi, na hapana sheria inayomzuia mjukuu. Mpasuko wa ukingoni hauna ubishi. Usiposhonwa utaendelea hadi katikati, na methali ya ufa hapo imesema kweli tupu. Vipara vitatu ni habari nyingine. Havikuletwa na nondo wala na chumvi iliyochelewa. Kipimo cha kutoka kipara cha juu hadi viwili vya chini ni kimo cha mwanamke fulani alipokuwa amesujudu, na kimoja cha magoti ni kikubwa kuliko mwenzake, labda kwa sababu aliinukia upande huo uzeeni. Picha haina habari hiyo. Fundi akipandikiza hapo manyoya ya mbuzi mwingine, mjukuu atapata ngozi nzuri ya mbuzi.

Mama hakukataa kushona. Alisema tu kwamba uzi uwe wa rangi nyingine, na kuhusu kioo akaomba apewe siku chache kufikiri, kwa kuwa msala uliotiwa kioo hautaswaliwa tena, na hakujua kama hilo nalo lilikuwa la yeye kuamua.